Chuma cha Kakangu

Kakangu ana chuma ndani ya mguu, kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo. Kiliingia mwaka ule nilioacha chuo, na hayo mawili ni jambo moja: karo yangu ndiyo iliyokilipia.

Alikuwa mtu wa boda, steji ya Kitengela. Jioni moja kwenye barabara ya Namanga, Probox ikakata kona bila indiketa. Muundi ukavunjika vipande vitatu, ncha moja ikatoboa ngozi. Jirani yetu, nyanya Mmaasai wa huku Kajiado, alisema tumpeleke kwa mzee anayeunga mifupa. Sikumcheka. Watu waliopasua ng'ombe vizazi na vizazi wanaujua mfupa, na ufa mnyoofu ambao haujahama hupona kwa vijiti na kamba. Plasta hufanya kazi ileile. Lakini mfupa uliotoka nje umeshakutana na vumbi. Huo unataka kuoshwa upesi kwenye chumba cha upasuaji.

Ulioshwa usiku huohuo. Chuma, wakasema, tujinunulie. Siku kumi na mbili nilikaa kando ya kitanda nikisoma kwa simu hicho kitu kimetoka wapi.

Kimetoka Ujerumani. Mwaka 1939, mjini Kiel, daktari Gerhard Küntscher alipigilia msumari mrefu wa chuma kwenye uwazi wa uboho wa paja lililovunjika. Zamani hizo paja lilimaanisha wiki na wiki kitandani, mguu ukivutwa kwa uzito. Madaktari wengi waliona kugusa uboho hivyo ni hatari tupu. Kisha vita vikaisha, na wafungwa wa Uingereza na Marekani wakarudi kwao wakitembea. Ukiwapiga eksirei unaona chuma.

Ila mfupa uliosagika ulizunguka juu ya msumari huo, ukafupika. Ndipo ikaja misumari yenye matundu, skrubu zikipita mfupa na chuma pamoja. Sasa utayaonaje matundu yaliyofichika ndani ya mfupa? Kwa mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo daktari akiendelea kupasua, na bei yake usiulize. Mwaka 1999 Mmarekani Lewis Zirkle alianzisha shirika la SIGN huko Richland, jimbo la Washington. Msumari wao una mkono wa nje unaokaa sambamba na mguu na kukuonyesha tundu lilipo, bila hiyo mashine. Hospitali zilizo kwenye mpango hupewa misumari hiyo bure kwa ajili ya maskini, Kenya ikiwemo.

Hapo nilisoma mara tatu. Nikamfuata daktari koridoni. Akasema, kwa upole kabisa, hospitali yao haimo.

Nikampigia mama, nikamwambia atoe ile ya muhula.

Mfupa ukishashika, chuma kinaweza kutolewa. Kakangu amekataa. Julai, baridi ya Kitengela ikikaza, anakisugua kupitia suruali na kuniambia digrii yangu inamuuma.