Kabla ya Doom kulikuwa na Keen: ugomvi wa kompyuta za bosi ulivyozaa id Software

Februari 1, 2026, kampuni ya Marekani ya id Software ilitimiza miaka 35. Ukiitaja mbele ya mpenzi yeyote wa michezo ya kompyuta, atakujibu kwa neno moja: Doom. Hakosei, maana Doom ndio mchezo ulioipa kampuni hiyo jina duniani. Lakini si Doom ulioizaa. Iliyoizaa ni Commander Keen, hadithi ya mtoto wa miaka minane mwenye kofia ya njano, na uzazi wenyewe ulitokea katikati ya mzozo na mwajiri ambao nusura uizike kampuni hiyo changa.

Mzozo huo umesimuliwa kwa kirefu na mwandishi wa habari David Kushner katika kitabu chake Masters of Doom cha mwaka 2003, na John Romero, mmoja wa waasisi, akausimulia tena kwa upande wake katika Doom Guy, kumbukumbu zake za mwaka 2023. Nimewafuata hao wawili.

Mahali ni Shreveport, mji wa jimbo la Louisiana ambao hautajwi sana panapozungumzwa teknolojia. Hapo ndipo ilipokuwa ofisi ya Softdisk, kampuni iliyowatumia wateja wake diski za programu kwa posta kila mwezi, nao wakizilipia kama mtu anavyolipia jarida. Mwaka 1990 ilianzisha Gamer's Edge, diski ya michezo kwa wenye kompyuta za PC, na kazi hiyo ikakabidhiwa kwa vijana wachache. Romero alikuwa na miaka 22. John Carmack, fundi wa kuandika programu, alikuwa ndiyo kwanza ametimiza 20. Mchoraji wao aliitwa Adrian Carmack, ingawa hakuwa ndugu wa John. Wa nne, Tom Hall, aliajiriwa idara nyingine, lakini jua likizama alikuwa akija kukaa nao.

Enzi hizo PC ilikuwa mashine ya hesabu na barua. Mashine ya Nintendo ilikuwa na vifaa maalumu vya kuisogeza picha nzima taratibu, mchezaji akikimbia na dunia ikikimbia pamoja naye. PC haikuwa na uwezo huo. Ikijaribu kuichora skrini nzima upya kila mara, ilichoka na picha ikaenda kwa kurukaruka. John Carmack akajiuliza kwa nini ichore kila kitu. Anga ni la bluu, na kipande cha bluu kikisogea mahali pake huja kipande kingine cha bluu kilekile. Akaiamuru kompyuta ichore vipande vilivyobadilika tu na kuviacha vingine kama vilivyo. Picha ikateleza.

Usiku mmoja wa Septemba 1990, Carmack na Hall walikesha ofisini wakiiga hatua ya kwanza ya Super Mario Bros. 3, mchezo wa Nintendo, ndani ya PC. Mahali pa Mario walimweka Dangerous Dave, mhusika wa mchezo wa Romero, wakaiacha diski juu ya meza ya mwenzao na kwenda kulala. Asubuhi Romero alipoiwasha, kazi ya ajira ilikwisha moyoni mwake palepale. Aliona kwamba yaliyomo kwenye diski ile yalikuwa makubwa kuliko Softdisk yenyewe.

Walijaribu kwanza kubisha hodi Nintendo. Walitengeneza mfano kamili wa mchezo wa Mario wa PC na kuutuma. Nintendo waliusifu, lakini hawakuwa na haja ya kuuza michezo kwenye PC. Mlango ukafungwa.

Mwingine alifunguliwa na Scott Miller wa kampuni ya Apogee, huko Garland, Texas. Miller alikuwa akimtafuta Romero, ila alihofia kwamba barua zinazoingia Softdisk husomwa na wakubwa. Basi akaandika kama shabiki, tena kwa majina mbalimbali. Romero alizibandika ukutani kwa furaha, hadi siku alipogundua kwamba mashabiki wake wote wana anwani moja. Alikasirika, kisha wakazungumza. Utaratibu wa Miller ulikuwa rahisi: sehemu ya kwanza ya mchezo isambazwe bure na kila mtu ainakili apendavyo, na anayetaka kujua mwisho atume fedha. Miller alituma hundi ya dola 2,000, na kikundi kikaahidi mchezo kabla ya Krismasi.

Hall ndiye aliyembuni shujaa, Billy Blaze, mtoto mwenye akili nyingi aliyeunda chombo cha angani kwa makopo ya supu. Akivaa kofia ya kaka yake ya mpira wa Kimarekani, anakuwa Commander Keen, mlinzi wa dunia.

Tatizo lilikuwa vifaa. Hawakuwa na kompyuta nzuri nyumbani, ila ofisini zilikuwapo. Ijumaa usiku walirudisha magari kinyumenyume hadi mlangoni mwa Softdisk, wakapakia kompyuta na kwenda nazo kwenye nyumba waliyopanga kando ya ziwa. Walifanya kazi hadi Jumatatu alfajiri, kisha wakazirudisha kabla wenzao hawajaingia kazini. Mchana walimtumikia mwajiri, usiku na mwisho wa wiki walijitumikia wenyewe. Keen alitoka Desemba 14, 1990. Januari ikaja hundi ya kwanza ya mrabaha, dola 10,500.

Mwenye Softdisk, Al Vekovius, alishaanza kunusa jambo. Kushner anaeleza kwamba alimwendea John Carmack, kijana asiyejua kusema uongo, na Carmack akakiri yote: kompyuta za kampuni zilitumika, na wao wanaondoka. Mwajiri mwingine angekimbilia kwa mwanasheria, na kesi angekuwa nayo. Vekovius akapendekeza waunde kampuni ya pamoja. Wafanyakazi wengine waliposikia kwamba waliochukua mali ya ofisi wanazawadiwa hisa, walitishia kuacha kazi wote. Hasira yao ninaielewa. Mazungumzo yalikwenda kwa majuma kadhaa, na hatimaye ikakubaliwa kwamba vijana waondoke salama, lakini wailipe Softdisk kwa kuitengenezea mchezo mmoja kila miezi miwili.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomchukulia Vekovius kama bosi aliyepitwa na wakati. Deni lile liliwapa vijana wale shule ambayo wasingeipata kwingine. Katika kulilipa walitengeneza Hovertank 3D na Catacomb 3-D, na humo Carmack akajifunza kumtembeza mchezaji ndani ya korido kana kwamba anaona kwa macho yake. Mafunzo hayo ndiyo yaliyozaa Wolfenstein 3D mwezi Mei 1992, na Doom Desemba 1993. Mwajiri aliyekaa mezani badala ya kwenda mahakamani anastahili nafasi kubwa katika historia hii kuliko anayopewa.

Yaliyofuata yanajulikana. Hall aliondoka mwaka 1993, Romero akaondoka baada ya mchezo wa Quake mwaka 1996. Kampuni ilinunuliwa na ZeniMax mwaka 2009, na ZeniMax ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2021.

Na Keen? Sehemu tatu mpya zilizoahidiwa kwa Krismasi ya 1992 hazikutengenezwa kamwe. Mwaka 1994, katika hatua ya siri ya Doom II, waliomzaa walimweka akiwa amenyongwa kwa kamba, na mchezaji anatakiwa kumpiga risasi. Mchezo wa Game Boy Color ulitoka mwaka 2001. Wa simu ulitangazwa mwaka 2019, kisha habari zake zikazimika. Doom, kwa upande wake, ulipata toleo jipya mwaka 2025. Hii si namna ya kumtendea aliyeleta hundi ya kwanza.

Msimbo wa Doom ulitolewa kwa umma Desemba 1997, na vijana wengi wamejifunza humo jinsi mchezo unavyojengwa. Keen Dreams, mchezo mmojawapo uliotengenezwa kulipa deni la Softdisk, ulitolewa msimbo wake mwaka 2014, baada ya wapenzi wake kuchangishana fedha wakanunua haki. Michezo mingine ya Keen iko mikononi mwa Microsoft. Nawaomba waifungue nayo, ili kijana anayeanza leo na kompyuta ya kuazima aisome kazi ya wenzake walioanza vivyo hivyo.