Ndege, Milima na Saa ya Mwisho

Viwanja vingi vya ndege vya milimani vilizaliwa vikiwa vya mchana. Lukla, uliojengwa Nepal mwaka 1964 chini ya usimamizi wa Edmund Hillary, una njia ya kurukia ya mita 527 tu: mwisho mmoja ukuta wa mlima, mwisho wa pili korongo. Paro, Bhutan, ni uwanja ambako shirika la Druk Air lilianza safari mwaka 1983; hapo rubani hupinda mabondeni akiyatazama majabali kwa macho. Huko jua likizama, kazi imekwisha.

Utalii ndio uliobadili hesabu. Mtu anataka atoke kazini Ijumaa, alale kwenye mji wa theluji usiku uleule. Nalo shirika la ndege halitaki ndege yake ikae bure. Hapo kila saa inayoongezwa huwa ni fedha.

Kilichotokea Aspen, Colorado, tarehe 29 Machi 2001, ni lazima kisomwe na kila anayegusa ratiba hizi. Ndege ya kukodi aina ya Gulfstream III ilichelewa kuondoka Los Angeles kwa kuwa abiria walichelewa. Kwa kanuni za uwanja, ilitakiwa iwe imetua ifikapo saa 12:58 jioni, nusu saa baada ya machweo. Mteja aliposikia huenda wakapelekwa uwanja mwingine, alikasirika, na rubani akafikishiwa ujumbe. Theluji ilikuwa ikianguka. Ndege zilizotangulia zilishaghairi kutua. Saa 1:02 iligonga mteremko kabla ya kuifikia njia ya kurukia, wakafa wote 18. Wachunguzi walisema marubani walishuka chini ya kiwango bila kuuona uwanja, na wakataja pia shinikizo la mteja, kuchelewa na ile saa ya mwisho. Zuio la kuzunguka uwanja ili kutua usiku lilikuwa limetolewa siku mbili kabla, lakini mnara wa kuongozea ndege haukuwa nalo.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kiza chenyewe si hatari kuliko zile dakika za ukingoni, mtu anapokimbizana na saa.

Queenstown, New Zealand, umepita njia hiyohiyo. Mwaka 2010 Boeing 737 iliruka saa 11:25 jioni, dakika 11 baada ya muda wa mwisho uliowekwa wa kuruka, na rubani akatiwa hatiani mahakamani. Hata hivyo, mwaka 2014 mamlaka ya anga iliridhia safari za usiku, na Mei 2016 zikaanza. Sikatai kwamba kazi ilifanyika: njia ya kurukia ilipanuliwa kutoka mita 30 hadi 45, taa zikawekwa, marubani wakapewa mafunzo maalumu, na ndege zikatakiwa kufuata mkondo unaoongozwa na setilaiti kati ya milima, mfumo ambao Qantas ilianza kuutumia hapo mwaka 2004.

Lakini uwanja hufungwa saa nne usiku. Ndege iliyochelewa kutoka Auckland bado inakimbizana na saa, ila sasa ni gizani. Uamuzi wa kugeukia Christchurch au Invercargill ufanywe kabla haijaondoka: dakika itajwe, hoteli na mabasi ya abiria yawe yamelipiwa, na rubani asipigiwe simu na mtu yeyote wa biashara akiwa angani.