Gari Ikishauzwa: Wajibu wa Muuzaji Kasoro Inapojitokeza



Familia nyingi za Unguja na Pemba hununua gari moja tu, kwa akiba ya miaka au kwa fedha walizochangiwa na ndugu walioko Oman. Wiki mbili baadaye gia inateleza, au fundi anainua gari na kukuta chesi imeliwa na kutu iliyofunikwa kwa rangi mpya. Muuzaji akipigiwa simu hujibu: "Nimekuuzia kama ilivyo, na ulikagua mwenyewe." Jibu hili limezoeleka mno, lakini kisheria ni dhaifu.

Fiqhi inampa mnunuzi khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha bidhaa kwa sababu ya kasoro. Masharti yake ni kuwa kasoro ilikuwapo kabla ya kukabidhiwa, mnunuzi hakuijua, na inapunguza thamani au manufaa kwa namna isiyotarajiwa katika kitu cha aina ile. Gari iliyotoka Japani ikiwa na miaka 15, kuchakaa kwa viti si aibu. Mita ya kilomita iliyorudishwa nyuma ni aibu, tena ni udanganyifu. Inafanana na mbuzi aliyeachwa siku kadhaa bila kukamuliwa ili chuchu zijae sokoni. Katika Hadiyth iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, aliyemnunua mnyama wa namna hiyo amepewa hiari: abaki naye, au amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokamua.

Ama neno "kama ilivyo", katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, yanayofuatwa na wengi visiwani, sharti la kujivua na kasoro zote halimwokoi muuzaji, isipokuwa kwa kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Gari si mnyama. Mahanafi wanalikubali sharti hilo, lakini hakuna madhehebu inayomruhusu mtu kuficha kasoro anayoijua. Dalali aliyejua akanyamaza naye yumo katika ghushi hiyo.

Imaam Maalik ameipokea katika Al-Muwatwtwa' kesi ya 'Abdullaah bin 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhumaa). Aliuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro, kisha mnunuzi akadai kuwa ana maradhi ambayo hakuelezwa. Wakafika kwa 'Uthmaan (Radhwiya Allaahu 'anhu), naye akamtaka Ibn 'Umar aape kuwa alipomuuza hakujua maradhi yoyote. Ibn 'Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa kwake. Baadaye yule mtumwa akapona na akauzwa kwa dirham 1,500. Tazama kuwa mtu wa daraja yake hakung'ang'ania sharti alilokuwa ameliweka waziwazi.

Mnunuzi naye ana mipaka, na hapa ndipo wengi wanapopoteza haki zao. Kwa Mashaafi'iy, akishaijua kasoro lazima adai mara moja na aache kuitumia gari, ila kuiendesha kuirudisha ikiwa hakuna njia nyepesi nyingine. Anayeendelea kupakia abiria mwezi mzima huku akilalamika amehesabiwa kuwa ameridhika. Mahanbali hawakushurutisha haraka hiyo, mradi asionyeshe kuridhika. Nauli alizopata kabla ya kujua ni zake, muuzaji hawezi kuzidai, kwa sababu katika muda ule gari ingeungua au kuanguka hasara ingekuwa ya mnunuzi. Msingi huu umo katika Hadiyth ya mama 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) iliyopokewa na Abu Daawuud: pato ni la yule anayebeba dhamana. Lakini akiigonga au kuharibu kitu kingine, hawezi tena kumlazimisha muuzaji aipokee. Watapatana: ama airudishe na kulipia uharibifu wake, ama abaki nayo na arejeshewe tofauti ya thamani iliyosababishwa na kasoro ya zamani.

Hayo ni ya lazima. Ikiwa gari haina kasoro na mnunuzi amejuta tu, au fedha zimemwishia, muuzaji halazimiki, lakini kukubali kuvunja mauzo, iqaalah, kuna ahadi ya kusamehewa makosa Siku ya Qiyaamah, kama ilivyokuja kwa Abu Daawuud na Ibn Maajah. Kurejesha bei ile ile bila kukata chochote ndiyo iqaalah yenyewe.

Ahadi za siku ya mauzo nazo zina uzito wake. Aliyesema atatengeneza bure miezi 3, au ataleta spea au ufunguo wa pili, atimize bila kusukumwa. Kadi ya gari isigeuzwe kamba ya kumzungusha mnunuzi aliyekwisha kulipa bei yote.

Wakishindwa kupatana, watafute watu wawili waadilifu pamoja na fundi asiye wa upande wowote, naye aandike alichokiona na umri wa kasoro kwa makadirio yake. Mahkama ya Kadhi Zanzibar husikiliza ndoa, talaka, mirathi na wakfu, si kesi za biashara. Malalamiko ya mlaji hupelekwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara au mahkama za kawaida, na huko hati ya mauziano, risiti na maandishi ya fundi ndiyo yatakayoangaliwa.

Wa Allaahu A'lam.