Cissus

Cissus ni jenasi ya mimea ya kutambaa katika familia Vitaceae, ileile ya mzabibu (*Vitis*). Ina spishi 300 hivi, nyingi za kanda za tropiki. Ilipewa jina na Carl Linnaeus mwaka 1753.

Mimea hii hukwea kwa vikono, yaani nyuzi za kujishikizia, ambavyo huota kwenye fundo la shina mkabala na jani. Mzabibu nao huota hivyo, ndiyo maana watu huichanganya. Njia ya hakika ya kuitofautisha ni ua. La Cissus lina petali nne zinazoachana. La mzabibu kwa kawaida lina tano, zilizoungana nchani, na huanguka pamoja kama kofia. Tunda la Cissus kwa kawaida lina mbegu moja tu.

Katika vichaka vikavu vya nyanda za kati, kama vile vya Ihumwa karibu na mizabibu ya Dodoma, spishi rahisi kutambua ni *Cissus quadrangularis*. Shina lake ni nene, lenye maji na pembe nne. Majani ni machache na hupukutika mapema. Matunda yake mekundu si zabibu za porini: utomvu una fuwele za oksalati zinazowasha mdomo na ngozi.

Mwaka 1931 Alston aliifanya *Cyphostemma* kuwa jenasi ya pekee. Petali zake zimebanwa katikati, na majani mara nyingi yamegawanyika vijani. Vitabu vya kabla ya hapo huziita spishi zake Cissus.