Protini za seli zinavyosaidia na kuzuia kuenea kwa HIV mwilini

VIRUSI haviwezi kuzaana vyenyewe. Ni lazima vipenye ndani ya seli hai na kuigeuza karakana ya kuunda virusi vipya. Kwa hivyo, kuenea kwavyo mwilini hutegemea pia protini za seli inayovamiwa: baadhi huvifungulia mlango, nyingine huvifungia njia. Virusi vya HIV, vinavyosababisha Ukimwi, ni mfano uliochunguzwa kwa kina.

HIV hushambulia hasa seli nyeupe za damu zenye protini iitwayo CD4, ambayo ilibainika mnamo 1984 kuwa ndiyo vinayoshikilia kwanza. Hata hivyo, CD4 pekee haitoshi. Mnamo 1996, wanasayansi waligundua kuwa virusi hivyo huhitaji protini ya pili, ama CCR5 au CXCR4. Aghalabu, virusi vinavyotoka kwa mtu mmoja hadi mwingine hutumia CCR5.

Takriban asilimia moja ya watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya wamerithi kutoka kwa wazazi wote wawili jeni ya CCR5 iliyopungukiwa. Protini hiyo haijitokezi juu ya seli zao, na hivyo ni nadra kwao kuambukizwa, ingawa virusi vinavyotumia CXCR4 vyaweza kuwapata. Hali hiyo ni adimu mno miongoni mwa Waafrika.

Ndani ya seli pia mna walinzi. Protini ya APOBEC3G, iliyotambuliwa mnamo 2002, huvuruga jeni za virusi zinaponakiliwa. HIV nayo hutumia protini yake, Vif, kuifanya seli imwangamize mlinzi huyo. Mwingine ni tetherin, ambayo kazi yake ilifichuliwa mnamo 2008: hufunga virusi vipya juu ya seli visitoke kwenda kuvamia nyingine. HIV huishinda kwa protini iitwayo Vpu.

Maarifa haya yamezaa matibabu. Dawa ya maraviroc, inayoziba CCR5, iliidhinishwa mnamo 2007. Mwaka uo huo, Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyeugua saratani ya damu jijini Berlin, Ujerumani, alipandikizwa seli za mtu asiye na CCR5. Alipandikizwa tena mwaka wa 2008, na HIV haikuonekana tena mwilini mwake hadi alipofariki mnamo 2020 saratani iliporejea. Upandikizaji huo, hata hivyo, ni wa hatari kubwa, na hufanyiwa wagonjwa wa saratani pekee.

Nchini Kenya, watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi na Manitoba, Canada, wamewafuatilia tangu miaka ya 1980 wanawake wanaofanya biashara ya ngono mtaani Majengo, Nairobi. Baadhi yao hawakuambukizwa licha ya kukabiliwa na virusi mara nyingi, ilhali CCR5 yao haikuwa na upungufu uliotajwa. Watafiti walihusisha hali hiyo na mwitikio wa kinga yao pamoja na utulivu wa seli zao za CD4, kwani HIV huzaana kwa urahisi zaidi katika seli zilizochangamka.

Lakini wachache kati ya wanawake hao waliambukizwa baadaye. Kinga ya kimaumbile, basi, si hakikisho, wala haiwezi kuchukua nafasi ya mipira ya kondomu, kupimwa na dawa.