Opiyo na Thomas: Jina lenyewe ni lipi?

MAJUZI nilikuwa ndani ya matatu iliyotoka Migori kuelekea Homa Bay. Tulipofika Rongo aliingia mama kijana akiwa amebeba mtoto mchanga, nyuma yake mdogo wake kabeba mwingine. Bibi mmoja aliyeketi karibu nami alishindwa kujizuia.

“Nyara, hongera! Wanaitwaje?”

“Opiyo na Odongo, dani.”

Abiria wa kiti cha nyuma akadakia: “Hayo ni ya nyumbani. Majina yenyewe ni yapi?”

“Huyu Thomas, huyu Brian.”

Abiria yule akaridhika. Mimi sikuridhika, kwani bila kujua, mama yule alikuwa amempa mwanawe jina lile lile mara mbili.

Tuanze na hilo linaloitwa jina lenyewe. Thomas limetokana na neno la Kiaramu, lugha iliyozungumzwa Palestina enzi za Yesu. Maana yake ni pacha, basi. Waarabu, ambao lugha yao ina udugu na Kiaramu, husema taw’am hadi leo. Injili ya Yohana inapomtaja mtume huyo hueleza mara tatu kwamba ndiye aliyeitwa Didimo, neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo ya pacha. Kwa hivyo Thomas lilianza kama lakabu tu, mfano wa mtu anayeitwa Mrefu au Mfupi kijijini.

Sasa tutazame la nyumbani. Katika Dholuo, pacha huitwa rude. Wa kiume anayetangulia ni Opiyo, jina linalohusishwa na neno piyo, yaani haraka. Anayemfuata ni Odongo, kutokana na dong’, yaani kubaki. Wakiwa wa kike, O hugeuka A: Apiyo na Adongo. Mtoto anayezaliwa baada ya pacha ni Okello au Akello. Utaratibu huu si wa Wajaluo pekee. Wasukuma na Wanyamwezi wa Tanzania wana Kulwa na Doto, nao Waganda wana Wasswa na Kato.

Ukilinganisha, utaona kwamba jina la nyumbani linasema mengi zaidi. Thomas husema kwamba mtu ni pacha. Opiyo husema ni pacha, ni wa kiume na ndiye aliyetangulia.

Je, Thomas lilipataje hadhi ya kuwa jina lenyewe? Lilisafiri. Wagiriki waliliandika kwa herufi yao ya theta, Walatini wakaiandika th, na lugha nyingi za Ulaya zikabaki na h ambayo haitamkwi. Ndiyo maana Mwingereza huandika Thomas lakini husema “Tomas”. Th hiyo si ile ya thelathini. Warusi waliigeuza theta kuwa f, nao humwita Foma. Waitaliano wana Tommaso, Wahispania Tomás, Wapolandi Tomasz, Wahungari Tamás, Wafini Tuomas na Wareno Tomé. Hilo la mwisho tunalijua Afrika kupitia kisiwa cha São Tomé. Kila taifa lililikata jina hilo kwa kipimo cha ulimi wake, na hakuna aliyeambiwa kwamba amekosea.

Kuna jambo jingine ambalo aghalabu hatuambiwi. Waingereza wenyewe waliwahi kuyaacha majina yao. Kabla ya mwaka wa 1066 waliitana Wulfstan, Leofric na Godwin, majina yenye maana katika lugha yao. Walipotawaliwa na Wanormani kutoka Ufaransa, majina hayo yalianza kuonekana ya kishamba. William, Robert na Richard yakashika usukani. Thomas lilienea zaidi baada ya Askofu Mkuu Thomas Becket kuuawa ndani ya kanisa lake mjini Canterbury mwaka wa 1170 na kutangazwa mtakatifu. Mzazi wa Kiingereza wa wakati huo alikuwa akifanya kile kile alichofanya mzazi wa Nyanza karne zaidi ya saba baadaye: kumpa mtoto jina la wenye nguvu na la waliohesabiwa watakatifu.

Huku kwetu Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906. Wamishenari Wakatoliki wa Mill Hill, ambao wengi walitoka Uholanzi na Tyrol, nao walikuwa wamefika Kisumu mwaka wa 1903. Umbo la jina mara nyingi hufichua aliyelileta. Ukikutana na Mjaluo anayeitwa Aloys, unaweza kubahatisha dhehebu la babu yake. Ubatizo ulikuja na jina jipya, na jina jipya lilikuja na shule, karani na rejista. Hapo ndipo la kuzaliwa liliposukumwa nyuma likawa la nyumbani, nalo la padri likaitwa la Kikristo, kana kwamba mtu hawezi kumcha Mungu akiitwa Opiyo.

Mfano bora uko kisiwani Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, kwenye kaburi la Tom Mboya. Majina yake kamili yalikuwa Thomas Joseph Odhiambo Mboya. Babake, Leonardus Ndiege, alibeba jina lenye mkia wa Kilatini hadi shamba la mkonge la Kilima Mbogo alikofanya kazi, na ndiko Tom alikozaliwa mwaka wa 1930. Katika majina hayo, Odhiambo ndilo linalotueleza jambo kumhusu: alizaliwa jioni. Lakini dunia ilimjua kwa Tom, kifupisho cha neno la Kiaramu.

Jaramogi Oginga Odinga, aliyebatizwa Obadiah Adonijah, alichukua njia nyingine. Aliyaacha majina hayo na kuwapa wanawe majina ya ukoo. Pale Got Kwer, Migori, alikozikwa Simeo Ondetto, wafuasi wa Legio Maria waliojitenga na Kanisa Katoliki miaka ya 1960 hawakuyatupa majina ya watakatifu. Waliyachukua wakayafanya yao. Kwa hiyo sisemi Thomas afutwe. Jina likikaa katika ukoo vizazi vitatu au vinne, limeshakuwa la ukoo.

Ninachopinga ni lile neno “yenyewe.” Opiyo na Thomas ni maneno mawili ya kawaida kutoka vinywa vya akina mama waliojifungua pacha, mmoja Mashariki ya Kati, mwingine kando ya Ziwa Victoria. Hakuna lililo takatifu kuliko jingine kwa maana yake. Kilichoyatenganisha ni nani alikuwa ameshika kalamu na rejista.

Matatu ilipofika Homa Bay, bibi yule aliwashika watoto vichwani, mmoja mmoja, akiwaaga kwa majina. “Opiyo. Odongo.” Wote wawili walikuwa wamelala.