Kabla ya Raba

Miaka niliyofundisha michezo katika shule za msingi za Shinyalu na Khayega, kitu cha kwanza nilichokagua kabla ya mazoezi kilikuwa vidole vya miguu. Ndiyo maana hunikera kusikia mbio za pekupeku zikisifiwa na watu ambao hawajawahi kutolewa funza kwa sindano. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Nature, wakaonyesha kwamba aliyezoea kukimbia bila viatu hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, hivyo kisigino hakipati kishindo. Ni kweli, lakini hiyo ni habari ya mguu mzima. Mtoto mwenye funza hukanyaga kwa ukingo wa nje, goti likapinda, na baada ya mizunguko michache anashika kiuno.

Na funza mwenyewe ni mgeni. Alishuka Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazil, akavuka bara zima kwa nyayo za wapagazi na askari. Karne ile ilipokwisha alikuwa amefika Bahari ya Hindi. Kwa hiyo Mwisukha, mtu wa huku kwetu Shinyalu, aliyekimbia msituni kabla ya hapo na yule wa zama za babu yangu hawakuwa na pekupeku moja.

Mkenya Lazaro Chepkwony alipokimbia pekupeku London mwaka 1954, katika uwanja wa White City, Waingereza walishangaa. Huku kwetu hata viatu vya kwenda kanisani vilikuwa vya wachache.

Kisha zikaja raba za Bata kutoka Limuru, za turubai, zilizopakwa chaki zikang'aa. Ila soli ya raba iliyolika ni laini, na Kakamega mvua hunyesha alasiri, saa ile ile ya michezo. Kwenye nyasi zilizolowa wanafunzi walizivua, wakafunga kamba na kuzitundika shingoni, wakakimbia pekupeku. Wageni walidhani ni umaskini; kumbe wanafunzi walikuwa wamepiga hesabu. Kwenye murramu ya barabarani walizivaa tena. Akala, zile ndara za tairi, hatukuziruhusu mbioni: tairi halikunjiki kidoleni, na mkanda hukata ngozi. Lakini siku ya fahali kupigana, wazee walizivaa wakimfuata dume mbio hadi uwanjani, ngoma ya isukuti ikilia, na sikumwona aliyelalamika.

Mitumba ilipofurika miaka ya tisini, tatizo likageuka: viatu tele, mchaguaji hajui. Niliwafundisha wanafunzi kukikunja kiatu kwa mikono miwili. Kikikunjika penye shina la vidole, chukua. Kikikunjika katikati ya wayo, mrudishie mwenyewe. Kisha geuza kisigino. Kikiwa kimelika upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza amekuachia mwendo wake, nawe utaubeba magotini. Bonyeza sponji kwa kidole gumba: isiporudi, imekufa hata kama juu panang'aa. Pima jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi ya kidole mbele. Ukikifua, kijaze gazeti ukianike kivulini. Karibu na jiko gundi huachia. Siku hizi wananiuliza kuhusu viatu vya soli nene kama vya Eliud Kipchoge. Vile vimetengenezwa kwa lami. Kwenye tope la Shinyalu, kisigino kirefu ni njia fupi ya kuteguka.

Wasichana ndio tuliowasahau. Walipewa bluma na blauzi, na aliyeanza kukua alijifunga leso kifuani kwa nguvu hadi pumzi ikamkatika, au akasema tumbo linamuuma, akakaa chini ya mti. Sisi walimu wanaume tuliandika kwamba ni mvivu. Leo sokoni Kakamega utapata viatu vya mbio vya kila saizi, vimening'inizwa kwa kamba zake. Muulize muuzaji sidiria ya michezo ya msichana wa miaka 13, atakuonyesha za mama yake.